Mtu na Kitu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "Mimi-Wewe" ya Martin Buber

Maswali mengi hapa hutoka kwa watu waliokutana na jina la Buber kwenye mahubiri, darasa la ualimu au somo la falsafa mwaka wa kwanza, wakabaki na hamu. Mengine nimejiuliza mwenyewe. Sijayapanga kutoka jepesi hadi gumu, kwa sababu lile linaloonekana jepesi ndilo lililonisumbua zaidi.

Buber ni nani?

Martin Buber alizaliwa Vienna tarehe 8 Februari 1878, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Wazazi wake walipoachana akiwa bado mdogo sana, alipelekwa kulelewa na babu yake, Solomon Buber, katika mji wa Lemberg, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Mzee huyo alikuwa mtu wa biashara na mwanachuoni wa maandiko ya kale ya Kiyahudi. Mjukuu akakua na Kijerumani nyumbani, Kipolandi shuleni na Kiebrania vitabuni.

Kitabu kilichomtangaza, Ich und Du, yaani "Mimi na Wewe", kilitoka mwaka 1923. Ni kitabu chembamba. Alifundisha Frankfurt hadi Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, akahamia Yerusalemu mwaka 1938, akafundisha Chuo Kikuu cha Kiebrania, na akafariki huko tarehe 13 Juni 1965. Pamoja na rafiki yake Franz Rosenzweig alianza mwaka 1925 kutafsiri Biblia ya Kiebrania kwa Kijerumani. Rosenzweig akafariki 1929, Buber akaendelea peke yake hadi akamaliza mwaka 1961. Kufikia hapo, Wayahudi wengi wa Ujerumani ambao tafsiri ile ilikuwa yao walikuwa wameshauawa au kutawanyika.

Mimi-Wewe na Mimi-Kitu ni nini hasa?

Ni namna mbili za kusimama mbele ya chochote kilichopo. Katika Mimi-Kitu, aliye mbele yangu nampima, namweka kwenye kundi lake, najua atanifaa kwa lipi, nakumbuka alivyokuwa jana na nakisia atakavyokuwa kesho. Katika Mimi-Wewe hayo yote yanakaa kando. Simpimi. Niko naye, naye yuko nami, basi.

Wengi wanadhani tofauti iko kwa yule mwingine: kwamba watu ni Wewe, na meza na viti ni Kitu. Sivyo. Mtu huyo huyo anaweza kuwa Wewe saa mbili asubuhi na Kitu saa mbili na nusu. Na kuna jambo la pili ambalo watu hulipita haraka: "mimi" nami nabadilika. Buber anashikilia kwamba hakuna mimi anayesimama peke yake. Kuna mimi wa Mimi-Wewe na mimi wa Mimi-Kitu, na hao wawili hawalingani. Ukimgeuza mwenzio kuwa kitu, nawe hubaki ulivyokuwa.

Kwa nini "Kitu"? Kijerumani si kinasema "Es"?

Kinasema hivyo, na hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Hatuna kiwakilishi kimoja cha vitu visivyo na uhai. Tuna hiki, huo, lile, kila ngeli na lake. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua. Mimi nimechagua Kitu kwa sababu ya jamaa yake: mtu, kitu, utu, jitu. Shina ni moja, -tu. Kinachotenganisha mtu na kitu ni kiambishi, herufi moja au mbili za mwanzo. Buber alihitaji kurasa nyingi kueleza jambo ambalo mtoto wa Kiswahili analitamka kabla hajaanza shule bila kujua kalitamka.

Tazama tena sarufi. Kipofu, kiziwi, kijana, kiongozi: yote yanaanza na ki-, ila tunasema "kijana amefika", hatusemi "kijana kimefika". Lugha inatambua kwamba huyu ana nafsi, hata jina lake likivaa nguo ya vitu. Lakini mlango wa kumshusha nao upo. Mtu akisema "kimekuja tena kile kijitu", hakuna msikilizaji wa Kiswahili asiyejua ni kosa gani limetendeka hapo.

Buber anaongeza kwamba "yeye" anaweza kukaa mahali pa Kitu na hakuna kinachobadilika. Yule. Yule wa kitanda cha nane. Yule anayedai kodi. Kisarufi ni mtu kabisa. Kwenye kinywa cha msemaji ni Kitu.

Na "Wewe" je? Mbona kwetu kumwita mtu mzima "wewe" ni utovu wa adabu?

Swali zuri. Kwa Kijerumani "Du" ni la ndani: la mpenzi, mtoto, rafiki, na la Mungu. Mfasiri wa kwanza wa Kiingereza, mwaka 1937, alitumia neno la zamani la kanisani, "Thou", wasomaji wakadhani Buber anahubiri. Walter Kaufmann alipotafsiri upya mwaka 1970 alilalamika sana juu ya hilo, ingawa jina la kitabu aliliacha vilevile.

Kwetu mambo ni magumu kidogo. "Wewe!" inayopigwa kwa mbali sokoni ni ya kukemea. Hakuna anayemwambia bibi yake "wewe" na kuachwa salama. Utasema bibi, au shikamoo bibi, kisha ndiyo mazungumzo. Hata hivyo, Mungu tunamwambia Wewe bila kusita, na mpenzi vilevile. Kwa hiyo ukilisoma neno hili kwenye makala hii, lisikie la kwenye sala au la mpenzi. La sokoni liache hukohuko.

Kwa hiyo kumtumia mtu ni dhambi?

Hapana, na hapa Buber husomwa vibaya kuliko popote. Fungua simu yako uone majina uliyohifadhi. Yangu yana Fundi Bomba, Fundi Friji, Boda wa Stendi, Mama Mboga, Dalali, Gesi. Hakuna hata mmoja hapo aliyebatizwa hivyo. Nimewahifadhi kwa kazi zao kwa sababu bomba likipasuka usiku nahitaji bomba lizibwe, na fundi naye nimo kwenye simu yake, nadhani kama "Tangi Linavuja". Hatujakoseana.

Bila Mimi-Kitu hakuna hospitali, hakuna ratiba ya treni, hakuna sayansi, hakuna hesabu za duka. Buber analisema waziwazi mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya kitabu, na kwa Kiswahili sentensi hiyo inatoka kana kwamba ilikuwa ikitusubiri: bila Kitu, mtu hawezi kuishi, lakini anayeishi na Kitu tu, huyo si mtu.

Shida si kwamba fundi ni fundi. Shida inaanza pale mkeo anapokuwa Fundi Chakula, mwanao akawa Matokeo ya Kidato cha Nne, rafiki akawa koneksheni, na huna hata mmoja uliyembakiza.

Nitajuaje kwamba nimemgeuza mtu kuwa kitu? Sina ukatili na mtu.

Ukatili hauhitajiki. Kwetu dada wa kazi alikaa miaka minne. Mshahara tulimlipa kwa wakati, tulikula chungu kimoja, akiugua tulimpeleka hospitali. Watoto walimwita dada, mke wangu alimwita dada, mimi nikamwita dada. Siku anarudi kwao nikamwambia nauli nitamtumia kwa simu. Nikaingiza namba, na kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mwenye laini. Sikulijua. Nikadhani nimekosea tarakimu, nikaghairi, nikaanza upya kwa uangalifu, likatokea lile lile. Nikauliza kwa sauti, "Hili jina la nani?" Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake miguuni.

"La kwangu hilo, baba," akasema.

Hakukasirika. Kwake halikuwa jambo la kushangaza, na hilo ndilo lililonikaa. Jina sitaliandika hapa, ni lake.

Buber naye ana kisa kama hicho, ila chake ni cha farasi. Akiwa na miaka kumi na mmoja, likizoni kwenye shamba la babu na bibi, alikuwa akinyatia zizini kumpapasa farasi mmoja wa kijivu mwenye madoa. Chini ya kiganja alihisi uhai uliokuwa mwingine kabisa, si wake, na bado ulimpokea. Farasi naye alikuwa akiinua kichwa taratibu na kukoroma kidogo, kama mtu anayeshiriki siri. Siku moja, akipapasa, mtoto akafikiria jinsi anavyofurahia kupapasa, na ghafla akauhisi mkono wake mwenyewe. Basi. Kesho yake alimpa farasi chakula kingi, akampapasa kama kawaida, farasi hakuinua kichwa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado sijui kisa kingine kinachoeleza jambo hili vizuri zaidi. Mtoto hakumpiga farasi. Alianza tu kujifurahia yeye mwenyewe akiwa na farasi.

Je, kuna mbinu ya kufikia Mimi-Wewe?

Hakuna. Ukiwa na mbinu, tayari una lengo, na mwenzio ameshakuwa njia ya kulifikia. Anayemwangalia mtu machoni kwa sababu alisoma kwamba kumwangalia mtu machoni kunajenga uhusiano, anaangalia macho kama fundi anavyoangalia geji. Buber anasema Wewe hunijia kwa neema, hapatikani kwa kutafuta. Ila ni mimi ninayepaswa kuitika.

Lakini pia hadumu. Kila Wewe hana budi kurudi kuwa Kitu, na Buber anaiita hali hiyo huzuni kuu ya kuwa binadamu. Mpenzi uliyekuwa huoni mwingine zaidi yake, kesho utamkumbuka kwa urefu wake, kicheko chake na deni analokudai. Si usaliti huo, ndivyo tulivyo. Tofauti ni kati ya Kitu ambacho kinaweza kuwa Wewe tena, na Kitu ambacho umekifungia kabatini na ufunguo umetupa.

Ni kweli alikosana na kijana fulani akafa?

Hawakukosana. Mwezi Julai 1914 kijana mmoja alimtembelea Buber nyumbani. Buber alikuwa ametoka kwenye saa za ibada na utulivu wa ndani, mambo aliyoyapenda sana wakati ule. Alimpokea vizuri, akaongea naye kwa makini, akamjibu kila swali aliloulizwa. Lile ambalo kijana hakuuliza hakuligusa. Baadaye, kijana akiwa ameshafariki, rafiki yake mmoja akamweleza Buber kwamba yule hakuja kupiga soga. Alikuja na jambo la maisha yake, alitaka uamuzi.

Kwa Buber hiyo ilikuwa hukumu. Tangu hapo aliachana na ile dini ya kujitenga na kupaa rohoni, akasema hana tena kingine ila siku za kawaida ambazo hatoki humo. Watu wanaotaka kumfanya Buber mwalimu wa tafakuri na utulivu wangeanza na kisa hiki kwanza.

Tofauti yake na Sartre ni ipi?

Kwa Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1943, jicho la mwingine ndilo linalonigeuza kitu. Mfano wake ni maarufu: mtu anachungulia kwenye tundu la ufunguo, amezama katika anachokiona, mara anasikia nyayo nyuma yake kwenye korido. Papo hapo anakuwa kitu: mchunguliaji, wa aibu. Kwa hiyo mahusiano ni mapambano ya nani atamwangalia nani. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba za kupanga, vyumba sita na choo kimoja, anajua Sartre hakusema uongo.

Buber angejibu kwamba Sartre ameeleza Mimi-Kitu kwa ustadi mkubwa, kisha akadhani hakuna kingine. Nakubaliana na Buber, ingawa nakiri siku za foleni nakuwa wa Sartre.

Alikuwa wa kwanza kufikiri hivi?

Hapana. Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba ubinadamu, wako na wa mwingine, usiutumie kamwe kama njia tu, bali kila mara uwe pia lengo. Ludwig Feuerbach alizungumzia mimi na wewe miaka ya 1840.

Anayenivutia zaidi ni Mfaransa Gabriel Marcel, aliyefika karibu palepale bila kumsoma Buber. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Msalaba Mwekundu, kitengo cha kutafuta askari waliopotea. Kila askari alikuwa kadi: jina, kikosi, mahali alipoonekana mwisho. Kisha mama mtu au mke anaingia, na Marcel anamjibu. Alieleza baadaye kwamba kadi zile zikaacha kuwa kadi kwake. Kila moja ikawa wito wa mtu. Anayefanya kazi ofisini kwenye mafaili anaweza kukaa na picha hiyo. Marcel aliitwa mwanaudhanaishi, yaani mfuasi wa falsafa inayoanzia kwenye maisha ya mtu mmoja mmoja, na hakulipenda jina hilo.

Sisi si tunaishi hivi tayari? Salamu zetu tu ni dakika tano.

Tusijipongeze mapema. "Mambo?" "Poa." "Vipi?" "Safi." Hapo hakuna aliyeulizwa wala aliyejibu; ni magari mawili yamepigiana honi.

Ila kuna kitu kwenye salamu zetu ambacho nakithamini. "Za nyumbani?" "Nzuri." Kimya kidogo. "Nzuri tu, ila mama anaumwa." Au: "Salama. Tuna msiba." Nzuri inatangulia, kwa adabu, kisha ukweli unafuata endapo aliyeuliza bado amesimama. Kila kitu kiko kwenye kile kimya. Anayesema "haya, baadaye" amesalimia vizuri kabisa na hajakutana na mtu.

Angalia pia -ana ya Kiswahili: kuonana, kusalimiana, kusikilizana, kukutana. Kuona unaweza peke yako, kuonana huwezi. Buber anasema uhusiano ni wa pande mbili, na kwamba maisha yote ya kweli ni kukutana. Kwa Kiswahili huwezi hata kuitamka sentensi hiyo bila kuwa na wawili.

Basi ni sawa na utu, au na "mtu ni watu"?

Ni jirani, hawalali chumba kimoja. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 maneno yanayorudiwa hadi leo: niko kwa sababu tuko. Yeye anaanza na sisi: ukoo, walio hai, waliotangulia, watakaozaliwa. Buber anaanza na kilicho kati ya wawili, na huo "kati" hauna shangazi wala mjomba ndani yake.

Kwa mawazo yangu kila mmoja anaona pale mwenzie anapofumba jicho. Ujamaa wa ukoo unakupa mahali hata kabla hujazaliwa, jambo ambalo Mzungu wa mji mkubwa anaweza kulilia. Lakini mahali hapohapo panaweza kuwa kabati. Shemeji ni wa kuchangia sherehe, mjomba wa mjini ni wa ada, mkwe ni wa kuogopwa. Nimehudhuria vikao vya harusi ambako bwana harusi hakuulizwa neno hata moja.

Falsafa hii ina uhusiano gani na siasa?

Martin Luther King, katika barua aliyoiandika jela Birmingham, Alabama, Aprili 1963, alimtaja Buber kwa jina. Alisema ubaguzi wa rangi unaweka Mimi-Kitu mahali pa Mimi-Wewe, na mwisho wake ni kuwashusha watu kuwa vitu.

Kwetu pwani hatuhitaji kwenda Alabama. Mtumwa ni neno la ngeli ya watu: mtumwa amekuja, watumwa wamefika. Asili yake ni kutuma, yaani anayetumwa. Sarufi ilimhesabu mtu, na soko la Mkunazini, Unguja, likamhesabu bidhaa mpaka lilipofungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash. Nililolisema juu kuhusu sarufi yetu lina mpaka wake hapo: kiambishi hakikumkinga yeyote.

Buber mwenyewe alijaribu siasa na akashindwa. Alikuwa Mzayuni, lakini kwa miaka mingi alipigania nchi moja ya mataifa mawili, Wayahudi na Waarabu wakiwa sawa. Mwaka 1942 alishirikiana na Judah Magnes katika chama kidogo cha Ihud kwa lengo hilo. Mwaka 1948 likaundwa taifa la Israeli, mambo yakaenda kwingine.

Ni kweli kitabu chake kilikuwa safarini kuja Ndola?

Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameanza kukitafsiri Ich und Du kwa Kiswidi. Aliwahi kukutana na Buber Yerusalemu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake, ikitoka Léopoldville (leo Kinshasa), ilianguka karibu na Ndola, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa anakwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, kuhusu kusimamisha mapigano. Tafsiri hakuimaliza.

Mwalimu, muuguzi au daktari mwenye watu mia kwa siku afanye nini?

Buber aliliandikia hili katika nyongeza ya mwaka 1957. Alisema kuna mahusiano ambayo kwa asili yake hayawezi kuwa ya pande mbili kamili: mwalimu na mwanafunzi, tabibu na mgonjwa wa akili. Mwalimu anapaswa kulihisi somo kwa upande wa mwanafunzi pia. Mwanafunzi akianza kuyahisi yote ya upande wa mwalimu, ualimu umekwisha, umebaki urafiki. Aprili mwaka huohuo alikaa jukwaani chuo kikuu cha Michigan na mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeamini kwamba katika nyakati bora yeye na mteja wake wako sawa. Buber akamwambia, kwa upole lakini bila kulegeza: yeye ndiye aliyekuja kuomba msaada kwako, wewe hukwenda kwake.

Kwa hiyo muuguzi wa zamu ya usiku asijitwishe watu mia. Ila kusema "kitanda cha nane" na kusema jina kunachukua muda uleule.

Mti unaweza kuwa Wewe?

Buber anasema ndiyo, na wasomaji wengi humwacha hapo. Naweza kuuona mti kama mchoro, kama aina fulani ya mmea, kama mbao, na inaweza kutokea siku nikasimama nao tu. Hadai kwamba mti una roho inayoongea. Anasema hakukutana na roho ya mti, alikutana na mti.

Lazima niwe na dini?

Yeye alikuwa nayo. Sehemu ya tatu ya kitabu inasema kila Wewe ni kama dirisha la kumwelekea Wewe wa milele, ambaye peke yake hawezi kugeuzwa Kitu, ingawa dini hazichoki kujaribu. Asiyeamini anaweza kuishia sehemu ya pili na bado akawa na kitabu kizima mkononi.

Wanaompinga wanasemaje?

Rosenzweig, rafiki yake wa damu, aliusoma muswada kabla ya kuchapwa akamwambia kwamba amempa Wewe mpinzani kilema: Kitu chake kinyonge mno, kana kwamba ulimwengu wote wa vitu si kazi ya Mungu. Naona alimpata.

Mwanafalsafa Emmanuel Levinas alikuja na hoja nzito zaidi. Alisema Wewe wa Buber ni kama rafiki wa mezani, tuko sawa, tunaelewana. Lakini mjane, yatima na mgeni hawako sawa nami. Wananidai kabla sijafungua mdomo, na wana njaa. Utamlisha kwanza au utakutana naye? Buber, akiwa mzee, alijibu kwa ukali kidogo: kama wote wangekuwa wamevaa na kushiba, hapo ndipo swali la kweli la maadili lingeonekana wazi. Sijawahi kuamua ni nani kati yao aliyeshinda. Nikiwa nimeshiba naona Buber.

Na aliyeua watu wako, naye ni Wewe?

Buber hakulikwepa. Mwaka 1953 alikwenda Frankfurt kupokea Tuzo ya Amani ya Wachapishaji wa Vitabu wa Ujerumani, na akazungumza na Wajerumani, jambo lililowaudhi wengi Israeli. Adolf Eichmann, mmoja wa Wanazi walioendesha mauaji ya Wayahudi, alipohukumiwa kifo, Buber alimwomba Waziri Mkuu Ben-Gurion asinyongwe. Hakudai kwamba Eichmann ni rafiki wala kwamba asamehewe. Eichmann alinyongwa mwaka 1962.

Nianzie wapi kusoma?

Usianze na ukurasa wa kwanza wa Ich und Du; ni mgumu kama shairi lililokatwa vina. Anza na visa vifupi alivyoandika uzeeni kuhusu maisha yake, vile vya farasi, balkoni na kijana wa 1914. Kisha rudi kwenye sehemu ya kwanza, soma kurasa tatu kwa siku, kwa sauti. Ukikwama ruka.

Balkoni ipi?

Ya nyumba ya babu yake Lemberg. Ilikuwa ya mbao, inazunguka ua wa ndani. Alikuwa bado hajafika miaka minne na mama alikuwa ameondoka. Babu na bibi hawakuwa watu wa kuzungumzia mambo kama hayo. Alisimama pale na msichana aliyemzidi umri aliyepewa kumwangalia, wote wameegemea uzio. Hakumbuki kama aliuliza. Anakumbuka alichoambiwa: hapana, hatarudi tena. Uzeeni aliandika kwamba yote aliyokuja kuyajua kuhusu kukutana kwa kweli, anashuku yalianzia saa ile.

Alimwona tena mama yake?

Alimwona. Miaka mingi baadaye, akiwa na mke na watoto, mama alisafiri kutoka mbali kuja kuwatembelea. Macho yake, Buber anasema, yalikuwa bado mazuri ajabu. Kila alipoyatazama alisikia kutoka mahali fulani neno ambalo alikuwa amejiundia mwenyewe, kwa sababu Kijerumani hakikuwa nalo: Vergegnung, kukutana kulikoharibika. Sisi hatuna haja ya kuliunda. Tunasema tumepishana.